MAMBO YA NYUMBANI: Nani Atamwamsha Bibi?



Wengi wenu mwaikumbuka Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023. Sisi huku Meru tulikwenda kanisani kama desturi. Siku ile ile, huko Katesh chini ya mlima Hanang, mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na sehemu ya mlima yenye miamba laini ikashiba maji, ikameguka. Matope, mawe na magogo yakashuka kwa njia ya mto Jorodom, yakaingia majumbani mwa watu. Waliokufa walipita 80. Wako waliodhani ya kuwa mlima umelipuka moto, lakini wataalamu waliochunguza walisema sivyo. Yalikuwa maji tu na udongo.

Nasi twakaa ubavuni mwa mlima uliozaliwa kwa moto kama Hanang. Meru ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka wa 1910, na mtu akisimama Momela aona jinsi upande wake wa mashariki ulivyoanguka zamani za kale. Wazee hupenda kuzungumza habari za moto huo. Lakini moto haukuonekana miaka zaidi ya 100, na maji huja kila masika. Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024 asubuhi, katika kata ya Muriet mjini Arusha, gari lililochukua watoto kwenda shule lilisombwa na mafuriko, na watoto kadhaa wakafa. Hawakuwa mbali na nyumba zao.

Baada ya msiba ule niliwauliza watu wa nyumba tatu za jumuiya yetu swali moja: Maji yakija usiku, na baba yumo safarini, nani atamwamsha bibi? Katika nyumba ya kwanza walitazamana. Katika ya pili mama alisema, "Mimi," na binti akasema, "Mimi," hata ikaonekana ya kuwa hakuna aliyewekewa mtoto mchanga. Katika ya tatu bibi mwenyewe alijibu kwamba yeye hulala macho, ndiye atakayewaamsha wao. Tulicheka sana; lakini nyumba ile ndiyo iliyokuwa na jibu.

Basi, kabla ya kununua kitu cho chote, ketini jioni moja baada ya sala mkagawane watu. Fulani atamshika mtoto, fulani atamwongoza bibi, fulani atafungua zizi. Kisha chagueni mahali palipoinuka, mbali na korongo, mtakapokutana na kuhesabiana. Chagueni na pa pili, kwa maana njia ya kwanza yaweza kukatika. Asiyehesabiwa hutafutwa, lakini mtu akirudi peke yake gizani kumtafuta ndugu ambaye amekwisha kufika salama kwa jirani, aweza kupotea bure.

Vitu vyenyewe si vingi. Kurunzi na kiberiti ndani ya kopo lisiloingia maji; dawa za mgonjwa, hasa wa shinikizo la damu au wa sukari; vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto na hati ya shamba, vyote katika mfuko mmoja wa nailoni karibu na mlango. Wekeni na dumu la maji ya kunywa. Ninyi wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki mwajua maji ya kwenu yana floridi iharibuyo meno na mifupa. Kuyachemsha huua vijidudu, bali floridi haiondoki. Kwa hiyo kingeni maji ya mvua safi mkayaweke akiba.

Kwenu walimu nina neno zaidi. Themi, Naura na Ngarenaro yote hutoka mlimani, na mvua ikinyesha juu, mto hujaa huku mjini jua likiwaka. Maji yafikayo magotini, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima. Sembuse mtoto wa darasa la kwanza. Ikiwa watoto wavuka mto kwenda kwao, na maji yamepanda, wazuieni shuleni hata yapungue, ijapokuwa ni usiku na wazazi wanung'unika. Jambo hili lifaa kukubaliwa na wazazi mapema, katika mkutano, kusudi mwalimu asibishane nao mlangoni mvua inaponyesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari redioni, mwalimu mmoja awe na kazi ya kuisikiliza. Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114, iandikeni ukutani.

Wako wasemao kwamba kujiweka tayari hivi ni upungufu wa imani. Sijui wamsomaje Nuhu, aliyechonga mbao nchi ikiwa kavu.

Mwisho, habari ya kengele. Katika mitaa yetu mingi kengele ya kanisa husikika kuliko simu. Wazee wa kanisa wakubaliane na mwenyekiti wa kijiji juu ya mlio wa hatari, wa haraka usiokoma, usiofanana na ule wa Jumapili wala wa msiba, na watoto wafundishwe kuutambua. Sisi tutaujaribu Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi. Yule bibi ameomba avute kamba yeye.