Mlevi na Mlevi Mwenzake

Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alijikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, mfukoni hakuwa na fedha ya maana, na upande mmoja wa ukumbi baa ilikuwa imechangamka. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Badala ya kuingia baa aliiendea simu, akatazama orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga. Haja yake ilikuwa moja: akutanishwe na mlevi.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Makanisa aliyapigia, lakini si mahubiri aliyoyataka. Katika miezi ile mitano alikuwa amejaribu kuwashawishi walevi kadhaa waache, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Ila yeye mwenyewe, kwa kuzungumza nao, alikuwa hajanywa.

Siku ya pili alikutanishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameteswa na pombe kwa miaka mingi. Smith alikubali kuonana naye kwa dakika 15. Walikaa zaidi ya saa 6. Elimu daktari huyo alikuwa nayo, na nasaha alikwisha kupewa za kutosha; alichokosa ni mtu wa kuisimulia hali ile kwa kuwa aliipitia. Hata hivyo baada ya wiki chache alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa tena. Wilson hakumtupa. Tarehe 10 Juni 1935, Smith alipoanza upya, ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi zipatazo 180.

Mitaani kwetu mlevi hutibiwa kwa kelele. Mke huficha fedha, wazee humwita wakamsuta, naye huapa kwa Biblia au kwa msahafu, na siku ya tatu yuko kilabuni. Watu husema hana haya. Si kweli! Haya anayo tele, na mara nyingi ndiyo inayomwamsha alfajiri akazimue kabla watoto hawajaiona mikono yake inavyotetemeka. Kumwongezea aibu mtu wa namna hiyo ni kumrudisha kwenye chupa. Kuketi na wenzake ndiko kunakosaidia: mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba waliosaidiwa kwa utaratibu maalumu kujiunga na vikundi vya Alcoholics Anonymous walidumu bila pombe zaidi ya waliopewa tiba nyingine za mazungumzo.

Wengi huogopa kwamba siri itatoka. Lakini kikundi hakidai ada, hakiulizi jina la ukoo, wala hakimlazimishi mtu kusema neno. Anayetaka hujitaja kwa jina moja, husimulia alivyokunywa na alivyofika hapo, na wengine husikiliza bila kumkatiza. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha. Habari za Mungu hutajwa, lakini kila mtu humwelewa kwa imani yake. Zanzibar, ambako Waislamu ndio wengi, nyumba za upataji nafuu zilizoanza mwaka 2009 zinatumia hatua 12 za vikundi hivi, hasa kwa waliotekwa na heroini, na vijana wa pale wanasali sala zao tano.

Onyo moja lisipuuzwe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafla akiwa peke yake chumbani. Anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Aanzie hospitali, kisha aende kikundini; daktari atamvusha siku za mwanzo, na wenzake watamshika miaka inayofuata.

Jamaa nao wana mahali pao. Mwaka 1951 Lois, mke wa Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya wake, waume, wazazi na watoto wa walevi, kwa kuwa nyumba yenye mlevi huugua yote.

Kikundi hupatikanaje? Nchini Kenya namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Tanzania, mtu aanzie kwa wauguzi wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au aulize parokiani na kwa waliokwisha kuacha, hao hujuana. Palipo mbali na vikundi, wawili wanaokutana siku ile ile kila wiki wametosha kuanza, maana Akron walikuwa wawili.

Basi wewe unayesoma haya huku ukijua yanakuhusu, au yanamhusu kaka yako, usingoje mwaka mpya wala mwezi wa Ramadhani. Uliza wiki hii. Ukifika, kaa karibu na mlango ukitaka, sikiliza, usiseme kitu. Wiki ijayo rudi. Na ikitokea umeanguka katikati, rudi vilevile, hata kama ni siku ya pili yake, hata kama pombe ingali inanuka kinywani. Kiti chako hakuna atakayekuwa amekiondoa.