Jina Lianzie Ufukweni

Inapotangazwa kwamba wanasayansi wamegundua spishi mpya ya mnyama wa baharini ndani ya mashimo yaliyochimbwa na krasteshia, yaani jamii ya kaa na kamba, mwanafunzi wa Kiswahili huenda akadhani habari hiyo haimhusu. Maoni yangu ni kinyume.

Mnyama mwenyewe ni yule ambaye Waingereza walimpa jina kutokana na tabia yake ya kurusha maji aguswapo. Ana umbo la kifuko chenye matundu mawili. Hujishikiza kwenye miamba, mashua au mizizi ya mikoko, akavuta maji na kuchuja chakula. Kwa muda mrefu alihesabiwa katika jamii ya konokono na chaza. Mwaka 1866, Alexander Kowalevsky wa Urusi alionyesha kwamba mnyama huyu akiwa mchanga hufanana na kiluwiluwi, mwenye uti laini mkiani. Kumbe ni jamaa wa wanyama wenye uti wa mgongo, sisi tukiwemo! Umbo la nje liliwahadaa wataalamu.

Je, sisi tutamwitaje? Desturi yetu ni kufungua kamusi ya Kiingereza na kutafsiri: "mrushamaji wa bahari". Hilo nalo ni kutazama umbo la nje tu. Ni nani kati yetu aliyekwisha kuwauliza wavuvi wa Vanga au Lamu, wanaokwangua viumbe kama hao kwenye mashua zao?

Mwaka 2003, watafiti kusini mwa Tanzania walisikia kwa wawindaji Wanyakyusa habari za kima aitwaye kipunji. Jina lilitangulia, mnyama akafuata. Na alipoelezwa kisayansi mwaka 2005, jina hilo lilihifadhiwa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu neno la lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kirumi.

Atakayedai kuwa jina la mvuvi hujumuisha spishi nyingi anasema kweli. Lakini "kaa" na "kamba" ni vivyo hivyo. Mwanaistilahi huongeza kivumishi, hafuti nomino.

Basi tuteremke ufukweni na madaftari kabla ya kuketi kwenye kamati za istilahi. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatatungoja. Mali bila daftari huisha bila habari.