Tusiwakalishe Wazee Wetu kwa Jina la Heshima

Katika nyumba zetu nyingi mna desturi moja inayohesabiwa kuwa ndiyo kilele cha wema kwa wazazi. Mzazi akishavuka miaka 60, hasa akishapata wajukuu, huondolewa kazi moja baada ya nyingine. Kwanza hunyang'anywa jembe, kisha ndoo, kisha ufagio, na mwishowe hata kikombe cha chai huletewa alipo. Akijaribu kuinuka huambiwa, "Mama, kaa, sisi tupo." Jirani apitaye akamwona bibi ameketi barazani tangu asubuhi hadi magharibi husema kuwa bibi yule kajaaliwa watoto. Nia ya watoto hao ni njema, wala hatuna haja ya kuitilia shaka. Tunachokihofia ni matokeo yake, kwani elimu iliyokusanywa na watafiti kwa zaidi ya miaka 70 sasa yaonyesha kuwa sehemu kubwa ya udhaifu tunaouita uzee huletwa na kukaa huko huko.

Habari hii ina mwanzo wake London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati maradhi ya moyo yalipokuwa yakiwaangusha wanaume wa makamo na matabibu wakitafuta sababu. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri wa jiji hilo. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu muda wake wote wa kazi, ilhali kondakta alipanda na kushuka vidato vya ngazi mamia kadhaa kila siku akikata tiketi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1953 ilidhihirika kuwa makondakta walipatwa na mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata walipopatwa nao hawakufa kwa wingi kama wenzao.

Walitokea wenye shaka, na shaka yao ilikuwa ya haki: je, huenda wanene ndio waliochagua usukani, na unene ndio uliowaua? Watafiti wakaenda kuzitazama hesabu za sare za wafanyakazi, wakapima viuno vya watu kwa ukubwa wa suruali walizopewa. Ni kweli kwamba madereva walikuwa na viuno vipana. Lakini kondakta, awe mwembamba au mnene, alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kiuno kama chake. Twaipenda sana habari hii ya suruali, kwa sababu yaonyesha namna mtu mkweli anavyoijibu hoja. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa amebakiza miezi michache tu atimize miaka 100.

Miaka 13 baada ya matokeo hayo, huko Dallas nchini Marekani, lilifanywa jaribio ambalo laiti kila mwenye mzazi mkongwe angelijua. Vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki 3 mfululizo bila ya kukanyaga chini. Kabla na baada ya hapo ulipimwa uwezo wa juu kabisa wa miili yao kuitumia hewa wakati wa kazi nzito, kipimo ambacho wataalamu wa michezo hukitegemea katika kuujua uwezo wa mwanariadha. Uwezo huo ulishuka kwa zaidi ya robo. Mwaka 1996 watu wale wale watano walitafutwa wakapimwa tena, sasa wakiwa na miaka 50, baadhi wakiwa na vitambi. Ikaonekana kuwa miaka 30 ya umri ilikuwa imewapunguzia uwezo mdogo kuliko zile wiki 3 za kitandani. Kisha wakapewa mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa miezi 6, wakarejea pale walipokuwa katika ujana wao kabla ya kulazwa.

Mmoja wa wataalamu walioongoza jaribio la Dallas, Bengt Saltin wa Sweden, baadaye alikuja Kenya kuuchunguza uwezo wa wakimbiaji wa Bonde la Ufa akiwalinganisha na wakimbiaji wa Skandinavia. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba vijana wa kawaida, wasio wanariadha, waliozoea kwenda shule mwendo mrefu kwa miguu walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wenzao wasiotembea. Hatuisemi habari hii ili kujisifu kwa medali za jirani zetu. Twaisema kwa sababu mguu wa bingwa na mguu wa bibi aliyeko barazani hufuata kanuni moja: hujengeka kwa kazi na kubomoka kwa kukaa.

Tofauti iliyopo ni kwamba mguu wa bibi hubomoka upesi zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza habari za wazee wenye afya, wastani wa umri wao miaka 67, waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Katika siku hizo walipoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguuni. Tuwafikirie basi wazee wetu wanaolazwa hospitalini kwa malaria au kwa homa ya mapafu. Wanaporudi nyumbani tunawaandalia godoro na kuwakataza kutoka kwa mwezi mzima "mpaka wapate nguvu". Nguvu hizo zitatoka wapi?

Tumefika sasa kwenye utafiti ulio muhimu kuliko yote tuliyoyataja, na hapa twamwomba msomaji awe na subira nasi kidogo. Katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Boston, Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10, wastani wa umri wao miaka 90, wengine wao wakitembelea mikongojo. Hawakuwapa mazoezi ya kupunga mikono. Waliwaketisha kitini na kuwataka waunyooshe mguu dhidi ya uzito mzito, uliokaribia asilimia 80 ya ule ambao mzee angeweza kuuinua mara moja tu. Walifanya hivyo mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu zao za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zilivyokuwa. Wawili waliacha mikongojo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990, na ndani yake mna jambo jingine lisilosahaulika: wazee hao walipoacha mazoezi na kurudia kukaa, katika wiki 4 tu walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao.

Idadi ya watu 10 ni ndogo, na watafiti hao walilijua hilo. Wakarudia mwaka 1994 kwa wazee 100 dhaifu, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Safari hii baadhi walipewa mazoezi, baadhi vinywaji vya lishe ya ziada, baadhi vyote viwili, na baadhi havikuwemo katika fungu lao. Waliofanya mazoezi, nguvu zao ziliongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Lishe ya ziada peke yake haikuwaondolea wazee hao udhaifu wa misuli. Wale watoto wanaotumia fedha nyingi kununua makopo ya unga wa kuongeza nguvu, huku mama hatoki kitini, walitafakari hilo. Chakula bora ni haki ya mzazi, lakini misuli isiyopewa kazi haijengeki kwa chakula pekee.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa tunatangaza muujiza. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2014 uliwafuata watu 1,635 wa umri wa miaka 70 hadi 89 kwa zaidi ya miaka 2. Nusu yao waliongozwa katika kutembea na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke, nusu wakapewa mafunzo ya afya tu. Kipimo kilikuwa chepesi kukieleza: ni nani atakayefikia hali ya kushindwa kutembea mita 400? Katika kundi la mazoezi walifikia hali hiyo asilimia 30, na katika kundi jingine asilimia 35. Tofauti ni ndogo kwa anayeisoma gazetini. Kwa mzee ambaye mita 400 ndio umbali baina ya nyumba yake na msikiti, au soko, au nyumba ya dada yake, si ndogo hata kidogo.

Wapo pia watu wa peke yao ambao habari zao hufurahisha. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliendesha baiskeli kilomita 24 na zaidi kwa saa moja alipokuwa na miaka 100. Mtaalamu Véronique Billat akampangia mazoezi, sehemu kubwa mepesi na kidogo mazito, na baada ya miaka miwili mzee huyo akaweza karibu kilomita 27. Uwezo wake wa kuitumia hewa uliongezeka kwa asilimia 13 baina ya miaka 101 na 103. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Mtu mmoja hawi hoja juu ya watu wote, lakini anatosha kumnyamazisha yule asemaye kuwa baada ya umri fulani mwili haujifunzi tena.

Tena tusivuke bahari kana kwamba hapa kwetu hamna mfano. Kando ya Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, wako Wahadza ambao watafiti waliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakatoa matokeo mwaka 2017. Watu hao huwa katika harakati za kuutikisa mwili kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na wazee wao hawapungui sana wakilinganishwa na vijana. Shinikizo la damu, ambalo mijini limekuwa mgeni wa kila nyumba, kwao ni nadra. Hatumwambii mtu arudi porini kuchimba mizizi. Twasema tu kwamba kwa Wahadza bibi hatengwi na kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri wazee kupata angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke, siku 3 au zaidi. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo amwone kwanza daktari wake. Baada ya hapo hahitaji vyuma vya Boston. Ainuke kitini bila kushika, mara 5, apumzike, arudie. Awepo mtu karibu naye siku za mwanzo. Abebe kapu lake jepesi kutoka gengeni. Mama akitaka kufagia uwanja, aachiwe ufagio.

Na lipo jambo linalotuhusu misikitini. Viti katika safu zetu vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Kuswali kwa kukaa ni ruhusa kwa asiyeweza, na hapana wa kumhoji mwenye goti bovu au mgongo uliovunjika. Lakini wapo waliofika kwa miguu yao wenyewe, na kinachowashinda ni kuinuka tu kutoka sijda. Nguvu ya kuinuka ndiyo hasa iliyorudi kwa baadhi ya wazee wa Boston, na huenda ikarudi kwa wengi wa wazee wetu katika miezi miwili au mitatu wakisaidiwa. Kamati za misikiti zaweza kuanza na lililo rahisi: kufunga bomba imara la kushikia penye ngazi na mahali pa kutawadha, ambapo sakafu huwa na maji na mzee huogopa kuanguka, hata akaona bora abaki nyumbani.