Shilingi 2,000 na Shutuma ya Uvivu

Wapo waamini wenzetu wanaosema, hata katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, kwamba fedha za Inua Jamii zinalea uvivu, na kwamba siku hizi kupokea kunalipa kuliko kufanya kazi. Tumepiga hesabu. Mpango huo wa Serikali ya Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Kwa siku ni kama shilingi 66. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi, kilichotangazwa mwaka 2022, kilizidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Nani ataacha hizo kwa ajili ya hizi? Wanaopokea ni wazee waliotimiza miaka 70, walezi wa yatima na wenye ulemavu mkubwa. Na bibi anayelea wajukuu kwa fedha hizo bado huamka na jembe.

Lakini ikiwa yupo mama anayepalilia shamba la mtu, au msichana wa kazi za nyumbani, ambaye kwake shilingi 2,000 zinashinda ujira wake, basi aulizwe aliyemwajiri. Waajiri wa namna hiyo hatuna haja ya kuwatafuta mbali: tunaketi nao benchi moja kila Jumapili, na wengine ni sisi wenyewe.