Neno "Kaza" Litatuulia Mtu

Najua nimepotea. Nilikuwa na testi tatu mfululizo, bumu likachelewa, halafu likatokea hili jambo ambalo nimekaa nalo moyoni mpaka leo. Nilitaka kulinyamazia, maana ukilisoma mpaka mwisho utaona mimi mwenyewe sitoki msafi. Lakini naona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanazidi kumiminika mazoezini, na wakifika wengi wao hawamfuati mwalimu, wanatufuata sisi. Kwa hiyo leo nasema, atakayekasirika na akasirike.

Kwa wasionijua, mimi nacheza judo. Nilianza mwaka jana. Tunafanya mazoezi jioni kwenye ukumbi wa michezo hapa chuoni, siku tatu kwa wiki. Ile mikeka maalumu ya Kijapani hatuna. Tuna magodoro ya sponji yamepangwa chini yakafunikwa turubai, na kila baada ya muda inabidi tusimame tuyasukume, maana yanaachana katikati. Mguu ukiingia kwenye huo ufa, umekwisha. Vazi langu ni la mtumba, na mgongoni limeandikwa jina la klabu fulani ya Ulaya ambayo hata kulitamka siwezi. Wenzangu wananiita "mchezaji wa kulipwa". Kwikwikwi!

Mkanda wangu ni wa njano. Kwa anayejua judo, njano ni mtoto aliyeanza kusimama dede. Lakini kwa aliyevaa mweupe, aliyefika juzi na hamjui mtu, mwenye njano ni profesa. Mwalimu anamwogopa, mikanda ya kahawia anaiogopa, kwa hiyo anakuja kwako. "Kaka, hapa nashikaje? Kaka, nikiangushwa nafanyaje?" Na wewe, badala ya kusema sijui, twende tukamuulize mwalimu, kifua kinajaa. Unaanza kufundisha.

Ushauri wetu mwingine ni mzuri tu, sikatai. Kata kucha. Fua vazi lako, wenzako wana pua. Vaa ndala ukienda chooni, usirudi na miguu hiyo kwenye godoro. Usile ugali ukashiba halafu ukaja kuangushwa nusu saa baadaye, utatuaibisha. Hayo mtu wa miezi miwili anaweza kumwambia mtu wa siku mbili bila madhara. Tabu ni yale mengine.

Kuna kijana wa mwaka wa kwanza tunamwita Injinia, kwa sababu anasoma uhandisi na kila mbinu anataka achorewe. Kijana mpole, ana bidii kuliko sisi wote. Siku ya kwanza aliniuliza kuhusu ile ishara ya kusalimu amri, pale unapobanwa ukapiga godoro au mwili wa mwenzako kwa kiganja mara mbili ili aachie. Mimi nikamjibu kwa mdomo wangu huu: "Usipende kupigapiga ovyo, mdogo wangu. Watakuona laini. Kaza."

Wiki ya tatu akaangushwa chali na mtu aliyemzidi uzito. Hakuwa amejua bado kuanguka. Kisogo kikafika kwenye godoro kabla ya mgongo, nikausikia ule mlio. Nikamsogelea, nikamuuliza, "Uko poa?" Akasema poa. Macho yake hayakuwa poa, niliyaona. Lakini nikamvuta mkono, nikamwambia neno lile lile: "Kaza, inuka." Akainuka. Akaangushwa mara mbili zaidi jioni ile. Mwalimu alikuwa upande wa pili na mikanda ya kahawia, hakuona, na sisi hatukumwambia.

Saa tatu usiku mwenzake wa chumbani akanipigia simu. Injinia anatapika. Nilipofika hosteli nikamkuta amekaa kitandani ameshika kichwa. Akaniuliza, "Kaka, kesho tuna testi?" Nikamwambia ndiyo, ya saa mbili. Baada ya dakika moja: "Kaka, kesho tuna testi?" Akauliza hivyo mara tatu. Jamani, sijawahi kuogopa maishani mwangu kama mara ile ya tatu. Tukatafuta bajaji, tukamlaza katikati yetu, njia nzima namshika kichwa kisitikisike kwenye matuta.

Daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alimpima, akamuuliza maswali, akatuambia ni mtikiso wa ubongo, atabaki hapo usiku huo waendelee kumwangalia. Kisha akatugeukia: "Baada ya kujigonga aliendelea kucheza?" Tukasema ndiyo. "Nani alimwambia aendelee?"

Nilinyamaza. Mwenzake wa chumbani aliangalia chini. Yule mama hakuuliza tena, akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka. Injinia amepona, namshukuru Mungu. Testi ile aliikosa na amepewa nafasi ya kuirudia. Lakini lile swali bado ninalo.

Haya, sasa niseme ninachoamini. Mimi naona sisi wanaoanza tunaigana ukakamavu ambao walimu wa mchezo huu wala hawaufundishi. Tumeuokota kwenye sinema. Judo yenyewe ilianzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, pale Tokyo, akiwa kijana wa miaka 21, mtu aliyekuwa ametoka kusoma chuo kikuu kama sisi. Alianza na wanafunzi wachache kwenye chumba cha hekalu. Na moja ya nguzo alizowaachia wanajudo, jita kyoei, maana yake ni ustawi wa pamoja, wangu mimi na wako wewe. Yaani lengo ni wote wawili tutoke hapa tukiwa bora kuliko tulivyoingia.

Ukitafakari utaona haiwezekani vinginevyo. Mimi siwezi kujifunza kuangusha bila mtu wa kuangushwa. Yule anayekubali aangushwe ananiazima mwili wake. Na kitu cha kuazima, tumefundishwa tangu utotoni, unakirudisha kizima. Ukiazima sufuria ya jirani ukairudisha imetoboka, hukuambiwa kesho uazime tena.

Ndiyo maana mbinu ya kwanza kufundishwa ni kuanguka. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako, mkono wote unapiga godoro pembeni ya mwili, pumzi unaitoa. Usitangulize kiganja kujizuia, utavunja mkono au mfupa wa bega. Inachosha, wiki nzima unaanguka tu kama embe, na wengi wetu tunaiona ni kazi ya kitoto, tunataka tuanze kurushana. Lakini kidevu kisipokuwa kifuani, ukitupwa kwa nyuma kichwa ndicho kinachopokea. Hata kisipogonga kitu, ubongo unaweza kuumia kwa kutikiswa tu humo ndani.

Najua watakaosema: acha uoga, sisi tulifundishwa kwa kukaza na hatukufa. Nawajibu kwa heshima zote, wakubwa zangu: anayesema "hatukufa" ni yule aliyebaki. Aliyekufa haji mazoezini kutoa maoni. Huko Japani kwenyewe, kwenye nchi ya judo, kati ya mwaka 1983 na 2011 walikufa zaidi ya wanafunzi 100 katika judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza. Yaani waanzaji kama sisi, tena chini ya walimu na kwenye mikeka bora kuliko turubai letu. Kama kule imetokea, hapa kwetu tunajidanganya na nini?

Wengine watasema ukimzoesha mtu kusalimu amri mapema atakuwa mlegevu hata maishani. Hapo nakubali kidogo. Ni kweli mazoezi yana uchungu wake, na asiyetaka hata jasho abaki akicheza drafti. Mapaja yakiwaka, kaza. Pumzi ikikata raundi ya mwisho, kaza. Ukiangushwa mara kumi na mtu mmoja na moyo unakwambia uende nyumbani, hapo kaza kweli kweli. Lakini kiungo kikipindishwa kinyume, shingo ikibanwa, kichwa kikigongwa, hapo hakuna cha kukaza. Kiwiko hakijui kama una moyo mkuu. Na atakayeachia ukipiga godoro leo, kesho mtaendelea naye. Aliyekaza mpaka kiwiko kikalia atakaa nje miezi, na anayekaa nje hajifunzi kitu. Nani sasa mlegevu?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Naongeza langu dogo: na anayemsaidia kuficha naye ana hesabu yake.

Kwa hiyo mdogo wangu mwenye mkanda mweupe, kama umefika kwa mara ya kwanza wiki hii, ushauri wangu ni huu, na safari hii nimeupima kabla ya kuutoa.

Kwanza, sema "basi" mapema. Usisubiri uchungu, sema pale unapoona hapa sina pa kutokea.

Pili, kichwa kikigongwa, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Hata ukijisikia mzima. Hata kama zimebaki dakika tano. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu au kichefuchefu, unaona ukungu, unasahau mambo, mwambie mwalimu na uende kwa daktari. Na kama mwenzako anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kumuuma, amechanganyikiwa, anatikisika degedege, upande mmoja umelegea au haamshiki, hiyo ni dharura, msisubiri asubuhi. Usimwache peke yake chumbani. Kupigwa tena kabla ubongo haujapona ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa hiyo kurudi kwenye godoro ni kidogo kidogo na kwa ruhusa ya daktari, hata mashindano yawe kesho.

Tatu, mtu akikujia na swali linalohusu shingo, kichwa au viungo, na wewe una mkanda kama wangu, jibu lako ni moja tu: twende kwa mwalimu. Hakuna aibu. Mimi nilisita kusema "sijui", nikaishia kusema mbele ya daktari kwa kunyamaza.

Na kwenu kaka na dada zetu wa mikanda ya juu, nawaomba msituache wenyewe kwenye kona ile. Mwalimu ni mmoja na sisi ni thelathini. Mmoja wenu akija tu kusimama na mikanda myeupe nusu saa ya kwanza, yatazuilika mengi.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu Jumatatu iliyofuata, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza yote tangu lile la "watakuona laini". Nilitegemea atanifukuza. Alinisikiliza, akakaa kimya kidogo, akasema kosa na yeye analo kwa kutotazama upande ule. Kisha akanipa adhabu: mwezi mzima nafundisha wapya kuanguka, mbele yake. Nafundisha mpaka sasa. Mgongo unauma, lakini huo ni wa kukaza.

Injinia alikuja juzi, amekaa kwenye benchi, bado hajaruhusiwa. Alikuwa na daftari, anachora wanavyoanguka wenzake. Nikamfuata nikamwomba msamaha, kwa mara ya pili. Akacheka, akasema, "Kaka, na wewe kidevu chako bado kinainuka." Nikaenda kujiangalia. Ni kweli.

Haya jamani, niishie hapa, kesho nina kipindi cha saa moja asubuhi. Nyie mnaocheza karate, ndondi, taekwondo, huko kwenu mnaambiana nini mtu akigongwa? Niandikieni, nitasoma. Jioni njema.