Daktari Asiyezijua Nyuso

Wakati wa likizo nilitazama pamoja na jamaa zangu mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Brilliant Minds, ulioanza mwaka 2024. Ni habari za Dokta Wolf, mganga wa ubongo katika mji wa New York, ambaye mwenyewe hawezi kutambua nyuso za watu. Umetungwa kwa kufuata maisha ya Dokta Oliver Sacks (1933–2015), naye alikuwa na kasoro hiyo hiyo.

Nyumbani tulibishana. Mjomba alisema ni uongo mtupu: daktari gani amtoaye mgonjwa hospitali bila ruhusa, akampakia pikipiki kwenda harusini? Shangazi yeye alilia.

Mimi nakubali kwamba amri za hospitali si za kuchezewa. Lakini nina mdogo wangu mwenye kifafa. Aangukapo, watu hukimbia wakisema povu lake laambukiza. Nami, naona haya kusema, siku moja nilijitenga kama simjui. Yule daktari asiyezijua nyuso hutaka kujua mgonjwa wake ni mtu gani; mimi niijuaye sura ya ndugu yangu nilimkana.

Kifafa hakiambukizi. Mwenzio aangukapo, mwondolee vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, ukae naye hata azinduke. Basi, wenzangu, mchezo na uwe wa uongo; mafunzo yake ni ya kweli. Tusikimbie tena.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu