DADA, KILO ZIMEISHA! SASA UNAPUNGUZA NINI?

Musoma nzima inamjua. Mshereheshaji wa harusi, mtoto wa Iringo, mdomo wa moto. Akishika maiki ukumbini hata wazee wa kamati wanainuka kucheza. Mwaka juzi alikuwa na kilo 92. Akasema basi, akaingia laivu kutangaza kwamba anataka 68, akaanza kutembea kila alfajiri na kupunguza ugali kwenye sahani. Akafika. Laiki zikamiminika, na kusema ukweli alistahili kila moja.

Tatizo ni kwamba kituo kilifika na yeye hakushuka. Akasema 60. Alipofika 60 akasema 55. Wiki hii kaibuka tena mtandaoni akiwa na 51, mifupa ya mabega inahesabika, anacheka na kutangaza kwamba kituo kinachofuata ni 47. Kwenye laivu hiyohiyo kalalamika kwamba nywele zinakatika, baridi haimwachi hata jua la saa saba, na kwamba kwenye sherehe moja huko Bunda alishikwa na kizunguzungu ikabidi akae chini katikati ya utambulisho. Komenti zikajaa makopa: "Twende kazi, malkia!"

Twende wapi? Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Alipofika Mwanza alisimama. Hakuna aliyemwambia aunge mpaka Bukoba ili picha zipendeze. Safari lazima iwe na mahali pa kufika. Isiyo na mwisho inaitwa kupotea njia.

Hesabu zenyewe si ngumu. Dada ana urefu wa mita 1.65. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kinasema uzito wa kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Kwa urefu wake, hiyo ni kuanzia kilo 50 hivi mpaka 68 hivi. Kumbe lengo lake la kwanza lilikuwa sawa kabisa! Hiyo 47 iko nje ya mstari, upande wa pili. Ni kweli kipimo hicho si msahafu, maana hakijui nani ana misuli na nani ana mafuta. Lakini mwili wenyewe nao husema: nywele kukatika, baridi isiyoisha, kizunguzungu, na kwa wanawake hedhi kuruka au kukata kabisa. Hapo mtu asijidanganye kwamba dayati imekubali. Huo ni mwili unalia njaa, na anayeona dalili hizo anahitaji daktari kabla ya makopa.

Sasa waulizwe wanaofaidika. Kocha wake, jamaa wa Bunda mwenye kifua cha kupasua fulana, anauza pakeji ya mwezi: ratiba, mazoezi na chai ya kukata tumbo. Chai nyingi za aina hiyo zina senna, ambayo ni dawa ya kulainisha choo. Kinachopungua ni maji na choo, mafuta yako palepale. Lakini chai ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba kocha hana pakeji ya kubaki. Mteja akifika anakotaka, biashara imekwisha, kwa hiyo goli linasogezwa. "Bado kitumbo kidogo hapo." "Bado mikono." Mteja mwenye furaha na mwili wake halipi mwezi ujao.

Na wanaoshangilia nao wasijifiche. Ni walewale waliokuwa wakimwita bonge na tipwatipwa. Wakimchoka wataanza kunong'onezana kwamba kakanyaga miwaya, maana Bongo mtu akikonda sana hukumu inakuwa hiyo bila hata kipimo. Angebaki na 68 yake wasingekuwa na cha kusema, na wao siku zote wanataka cha kusema.

Watetezi wake wana hoja moja ya maana: akisimama atarudi 92. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya washiriki 14 wa The Biggest Loser, shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano. Karibu wote walikuwa wamerudisha kilo, na miili yao ilichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Walishuka kwa kasi mbele ya kamera; kamera zilipozimwa, mwili ukadai chake. Sasa hiyo ni sababu ya kuendelea kushuka? Hapana. Ni sababu ya kujifunza kubaki mapema, kabla mwili haujachokozwa zaidi.

Na kubaki kunawezekana. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi Butiama aliyetoka kilo 88 mpaka 71, akasema inatosha. Huu mwaka wa pili anacheza kati ya 70 na 73. Alipofika hakurukia sahani ya zamani, aliongeza chakula kidogokidogo. Ugali wa muhogo anakula, sato anakula, dagaa na mboga usiseme. Anapima mara moja kwa wiki. Ikipita 73 anajirekebisha wiki hiyo; ikishuka chini ya 70 anaongeza chakula. Mazoezi hajaacha. Picha yake ya mwisho ina laiki 19. Hana "kabla na baada" mpya ya kuposti, kwa sababu baada yake ni ileile.

Dada wa Iringo ana sauti na ana watu. Akitangaza kesho kwamba amefika, kwamba anarudisha kilo chache kwa ushauri wa daktari na kubaki hapo, atawafundisha mabinti wa Musoma kitu ambacho hakuna kocha anayekiuza. Akiifuata hiyo 47, hawahawa wa makopa ndio watakaoposti picha yake ya zamani na kuandika: "Alikuwa mzuri jamani."

Haya wadau, asimame au aendelee? Uwanja wenu hapo chini.